Kabla hujatia saini: mtoto wako na utafiti wa chanjo

Jirani yangu alibisha hodi jioni moja, mtoto wa wiki tano mgongoni, mkononi karatasi kumi na mbili zilizobanwa pini. Ilikuwa fomu ya ridhaa. "Hebu nisomee dada, kesho wanataka jibu." Miaka ya nyuma nilikuwa nalipwa kuzitafsiri fomu za namna hiyo, kwa hiyo najua zinavyoandikwa na najua zinapoficha mambo, mara nyingi bila hata mwandishi kukusudia. Tulikaa kibarazani mpaka adhana ya Isha. Ukurasa wa tano ndio uliosema kitu ambacho kingepaswa kuwa mstari wa kwanza: nusu ya watoto watapewa chanjo mpya, nusu watapewa ile inayotolewa kliniki siku zote, na hakuna atakayejua nani kapata ipi, hata nesi anayedunga.

Yafuatayo ni yale tuliyoongea, na machache niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka. Mifano nimeitoa kwenye chanjo za homa ya ini na za kuhara.

Anza na jina la ugonjwa. Watu wengi kwetu wakisikia homa ya ini wanafikiria homa ya manjano, kwa kuwa zote hugeuza macho rangi. Ni vitu viwili. Homa ya manjano huletwa na mbu na chanjo yake ni ile ya wasafiri. Homa ya ini ya virusi nayo si moja: A na E hupita kwenye maji na chakula kilichochafuka kwa kinyesi, B na C hupita kwenye damu, na B pia kwenye ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kuhara kwa watoto ni hivyo hivyo. Utafiti mkubwa uliofanyika katika vituo saba vya Afrika na Asia, kimoja kikiwa Siaya, Kenya, na matokeo yake kutolewa 2013, uliona virusi vya rota viko mbele katika kuhara kukali kwa watoto wachanga, vikifuatana na kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, aina fulani ya E. koli, na Shigela, yule bakteria wa kuhara damu. Chanjo ya mmoja haimzuii mwingine. Mtoto aliyepewa matone ya rota akihara mwezi unaofuata, si lazima chanjo iwe imeshindwa.

Ukishajua ugonjwa, uliza: chanjo yake ipo tayari? Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko popote. Ya homa ya ini B ipo tangu 1981, na kwetu imo ndani ya ile sindano ya tano kwa moja ya wiki ya 6, 10 na 14. Ya rota ipo, matone ya mdomoni. Tanzania ilianza kuyatoa kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013, Kenya 2014. Ya homa ya ini E ilipata kibali China, nayo ilitumika mwaka 2022 katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bentiu, Sudan Kusini, ambako ugonjwa huo ulikuwa tishio hasa kwa wajawazito. Ya homa ya ini C haipo. Ilijaribiwa Marekani kwa watu 548 wanaojidunga dawa za kulevya. Matokeo ya 2021 yalionyesha waliobaki na ugonjwa sugu ni 14 upande wa chanjo na 14 upande wa chanjo bandia, yaani sindano isiyo na chanjo ndani. Sare.

Jibu la swali hilo linabadilisha kila kitu. Kama chanjo ipo kwenye ratiba ya taifa, mtoto wako hapaswi kuikosa kwa sababu ya utafiti. Waambie wakuonyeshe kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba kundi la pili linapata chanjo ya kawaida. Chanjo ya rota ya kuchoma sindano ilijaribiwa kwa mtindo huo Ghana, Malawi na Zambia, ikishindanishwa na matone. Mwaka 2022 ikasimamishwa, maana haikuonekana itayashinda. Hata watoto wa kundi la pili walikuwa na kinga yao. Na hilo nalo likumbuke: utafiti unaweza kufungwa katikati. Uliza ukifungwa mtakuwa wapi.

Neno "bandia" limewahi kunitesa. Mwanzoni niliandika "dawa isiyo na nguvu", na akina mama wakaelewa dawa iliyoisha muda. Nikajaribu "maji ya chumvi", ikaeleweka. Ukikutana na neno kwenye fomu usilolielewa, si ujinga wako, ni uvivu wa mtafsiri.

Madhara yanahitaji hadithi moja. Agosti 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya rota, RotaShield. Julai 1999 ikasitishwa, Oktoba ikaondolewa sokoni. Watoto wachache, takriban mmoja katika kila 10,000, walipata tatizo la utumbo kuingia ndani ya utumbo, kama mkono wa sweta unavyojikunja ndani unapouvua haraka. Majaribio ya awali hayakuwa na watoto wa kutosha kuligundua tatizo adimu kiasi hicho. Ndiyo maana chanjo mbili zilizofuata kila moja ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000. Na chanjo ya matone ilipoanza kutumika kwetu ilifuatiliwa katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Ripoti ya 2018 haikuona tatizo hilo likiongezeka.

Kwa hiyo uliza watoto wangapi wameshapewa chanjo hii kabla ya wako. Mia mbili na elfu hamsini si jibu moja. Halafu zijue dalili: mtoto analia kwa nguvu, anakunja miguu tumboni, ananyamaza, dakika chache anaanza tena, anatapika, kinyesi kina damu na ute kama jeli. Ukiona hivyo, hasa wiki ya kwanza baada ya dozi, usisubiri siku ya miadi wala usimpe dawa ya tumbo ya dukani. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Sasa jambo ambalo fomu haiwezi kukuuliza: ukikataa, utakosa nini? Kuanzia 1956, kwenye taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili iitwayo Willowbrook, New York, daktari Saul Krugman na wenzake waliwaambukiza watoto homa ya ini makusudi ili waichunguze. Wazazi walitia saini. Lakini mwishoni mwa 1964 taasisi ilijaa ikaacha kupokea wapya, na vitanda vilivyobaki vikawa kwenye wodi ya utafiti. Mzazi aliyekuwa hana pa kumpeleka mtoto alikuwa anachagua nini hasa? Sayansi iliyotoka humo ni ya kweli: ilisaidia kuonyesha kwamba homa ya ini iliyokuwa humo ilikuwa ya aina mbili tofauti, A na B, na njiani ikagusa mwanzo wa chanjo ya B. Mimi bado siwezi kuisoma habari hiyo bila tumbo kukaza.

Kwetu kitanda hicho kina sura nyingine: kuonwa bila foleni, dawa za bure, nauli. Nauli sina ugomvi nayo. Mama anayepoteza siku nzima ya biashara yake ya vitumbua anastahili kurudishiwa. Ila kama unatia saini kwa kuwa mwanao anakohoa leo na hiyo ndiyo njia pekee ya kuonwa, sema hivyo kwa sauti. Atibiwe kwanza. Mengine kesho.

Damu. Bibi zetu walituonya juu ya mumiani, na watafiti wengi wamekuta mlango umefungwa kwa ajili yake. Usicheke wala usinyamaze, uliza kiasi. Kijiko cha chai ni mililita 5, kipimo cha kichanga mara nyingi hakizidi hapo. Mara ngapi? Inapelekwa wapi, inatunzwa miaka mingapi? Fomu nyingi zina kisanduku cha pembeni cha kuruhusu damu itumike kwa tafiti za baadaye. Unaweza kukiacha wazi na mtoto akabaki kwenye utafiti.

Mama naye apime homa ya ini B kama hakupimwa kliniki ya ujauzito. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki na ugonjwa sugu. Mtu mzima hafiki asilimia 5. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24, na kungoja wiki ya 6 ni kuacha mwanya. Kama una mimba, ulizia dozi hiyo mapema.

Usitarajie ngao ya chuma. Chanjo ya rota ilipojaribiwa Ghana, Kenya na Mali ilipunguza kuhara kukali kunakoletwa na rota kwa asilimia 39 katika miaka miwili ya mwanzo. Chanjo nyingine ya rota, kwa mwaka wa kwanza, Malawi ilikuwa asilimia 49, Afrika Kusini 77. Inaonekana kidogo, ila tazama upande wa pili: kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi iliepushwa visa vikali 6.7 kwa mwaka na Afrika Kusini 4.2, kwa kuwa Malawi ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi. Bado, pakiti za ORS na zinki ziwe ndani ya nyumba siku ya kujiandikisha, pamoja na kipimajoto kinachofanya kazi. Watakupa daftari la kujaza joto na idadi ya vyoo. Choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku kinahesabika kuhara.

Mengine ni madogo lakini ndiyo yanayowatoa watu kwenye utafiti: safari ya kijijini wakati wa miadi, kadi ya kliniki iliyolowa mvua (ipige picha), baba mtoto aliyepata habari kwa majirani. Na kwenye fomu kuwe na namba mbili: ya watafiti, na ya kamati ya maadili iliyowapa kibali, kwa ajili ya siku utakayotaka kuwalalamikia wao wenyewe.

Namba ya dharura nilimwambia aijaribu kabla hajatia saini, usiku, maana watoto huzidiwa usiku. Tulipiga saa nne na robo. Iliita mpaka ikakata. Tukapiga tena, hivyo hivyo.

Asubuhi akawapelekea habari hiyo badala ya saini. Nesi aliomba radhi, akaandika namba nyingine kwa kalamu pembeni ya ukurasa wa kwanza, akampa siku tatu zaidi za kufikiri. Usiku ule tuliipiga mpya. Ikapokelewa mlio wa pili, na sauti yenye usingizi ikauliza mtoto ana nini.