Kuchagua Kigunduzi cha Metali cha Kuchukua Nafasi ya Kilichoharibika, kwa Fedha Chache

Kabla hujatoa hata shilingi moja, hakikisha kwamba mashine yako ya zamani imekufa kweli. Mara nyingi ubovu huwa kwenye waya pale unapoingia katika koili, lile duara la chini linalopitishwa juu ya ardhi, au kwenye vyuma vya kushikia betri vilivyoliwa na kutu ya chumvi, na mambo hayo mawili fundi wa redio aliye makini anaweza kuyarekebisha. Koili nayo huuzwa peke yake, kwa bei iliyo chini ya ile ya mashine nzima. Yangu haikupata bahati hiyo: maji ya bahari yaliingia kwenye kisanduku cha vidhibiti, nikachelewa kuyakausha, na fundi alipokifungua akakuta bodi imeshaoza.

Ikiwa huna budi kununua, amua kwanza utatafuta wapi. Mchanga mkavu wa juu, ambako wageni huketi na kupoteza hereni, hauisumbui sana mashine. Taabu huanza kwenye mchanga uliolowa, na sisi wa Malindi tunayo taabu hiyo maradufu. Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka, na kitu chochote kinachopitisha umeme hurudisha jibu. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine huyasikia kana kwamba ni metali. Juu ya hayo, Mto Sabaki, unaomwaga maji yake kaskazini mwa mji, huleta mchanga mzito mweusi wenye madini ya chuma na titani, ambao nao huipigia mashine kelele. Mtu anayetafuta Watamu, kwenye mchanga mweupe wa matumbawe, hana mzigo huo wa pili.

Mashine ya masafa mamoja, yaani ile ambayo uga wake hubadilika kwa kasi moja tu, ikikutana na hali hiyo hulia ovyo, nawe utalazimika kuipunguzia wepesi wake wa kusikia mpaka inyamaze. Ikinyamaza, pete nyembamba ya dhahabu nayo huwa imepotea pamoja na kelele, kwa kuwa jibu lake ni dogo na liko karibu na lile la chumvi. Mashine ya masafa mengi hulinganisha majibu ya masafa mbalimbali, kisha huondoa sehemu kubwa ya athari ya chumvi na ardhi. Ipo pia aina inayotuma mipigo mifupi ya umeme, ikangoja kidogo ndipo isikilize. Hiyo hustahimili chumvi na mchanga mweusi vizuri mno, lakini kwa kawaida haibagui chuma, hivyo utachimba kila msumari na kila kisoda. Kwa ufuo wenye taka nyingi kama wetu, siipendekezi kwa mtu mwenye mashine moja tu.

Hapo ndipo mfuko mdogo unapokulazimisha kuchagua. Nokta Simplex+ inaweza kuzamishwa yote hadi mita 3, lakini hutumia masafa mamoja ya kilohezi 12. Minelab Vanquish 340 hutumia masafa mengi, ila ni koili yake tu inayostahimili maji, si kisanduku. Garrett ACE 300, ambayo ni imara na rahisi kujifunza, ina masafa mamoja na kisanduku kisichozuia maji, basi ifaayo kwake ni mchanga mkavu na mashamba. Mimi ningechukua masafa mengi hata kama kisanduku hakizamishwi, kwa sababu maji ya bamvua yanapokupwa, bahari yetu huacha wazi eneo kubwa ambalo mtu hulitembea bila kulowa zaidi ya nyayo, na kisanduku hukingwa kwa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Anayetaka kuingia majini hadi kifuani afuate njia nyingine.

Usidanganywe na matangazo yanayosifu kina ambacho mashine hufikia ardhini. Pete haitafutwi kwa mita, na mashine kubwa zinazosifiwa kwa kufukua hazina hazikuhusu: sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inataka leseni kwa anayetafuta vitu vya kale, na anayekutana navyo kwa bahati hutakiwa kuiarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Magofu ya kale ya Gede na Mambrui yaache kabisa.

Ukiagiza kutoka nje, hesabu ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na ubakize fedha za koleo lenye matundu, maana bila hilo mchanga wenye maji utakurudia shimoni kila unapochota.

Mashine iliyotumika huokoa fedha nyingi, mradi muuzaji akubali kukutana nawe ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Weka simu mbali, isawazishe mashine na ardhi ili isiulilie mchanga wenyewe, kama ina uwezo huo, kisha upitishe koili juu ya mchanga uliolowa usio na kitu. Ikiendelea kulia hata baada ya kuipunguzia wepesi wa kusikia kwa nusu, mrudishie. Ikitulia, funga pete ya dhahabu kwa uzi mrefu, ifukie sentimita 10, halafu 15, halafu 20, huku uzi ukibaki juu. Kagua pia kifuniko cha betri kama kina chembe za kijani, na utikise waya wa koili wakati mashine inafanya kazi. Sauti ikikatika, teremsha bei kwa kiasi cha koili mpya au uondoke.