Kupima na Kupanga Valvu za Zamani Ndani ya Amplifaya ya Gitaa

Valvu nzima na valvu inayofaa nafasi fulani ni mambo mawili tofauti (valvu ni chupa ya kioo isiyo na hewa ndani, inayokuza sauti ya gitaa), na mashine ya kupimia hujibu lile la kwanza tu. Ndiyo maana mtu anaweza kununua sanduku zima la valvu za miaka ya 1960, zote zikiwa na namba nzuri zilizoandikwa kwa kalamu juu ya maboksi, kisha amplifaya yake ikanguruma na kuchakaricha kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ili maelezo yasielee hewani nitatumia amplifaya ya Fender Deluxe Reverb, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, kwa sababu mpangilio wake unajulikana na mafundi wengi na una karibu kila aina ya kazi ambayo valvu hupewa.

Ukiitazama kwa nyuma, valvu huhesabiwa kuanzia mkono wa kulia. V1 ni ya chaneli ya kawaida na V2 ni ya chaneli ya pili. V3 husukuma springi za mwangwi, na V4 huipokea sauti inayorudi kutoka kwenye springi hizo. V5 huendesha mtikisiko wa sauti, V6 huligawa wimbi mara mbili kabla halijafika kwenye valvu za nguvu, kisha zinafuata hizo valvu za nguvu, 6V6GT mbili, na mwisho GZ34 inayonyoosha umeme, yaani kuubadili kutoka AC kuwa DC. V3 na V6 ni za aina ya 12AT7, na zile nyingine ndogo ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83 na ambayo Fender mara nyingi waliiandika 7025.

Anza kwa macho. Kila valvu ya kioo ina doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, kwa kawaida juu. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa, usipoteze muda nayo. Nyoosha pini zilizopinda polepole sana, maana kioo hupasuka pale pini zinapoingia, na uzisugue kwa brashi laini yenye spiriti safi. Maandishi ya zamani usiyaguse kabisa, kwa kuwa hufutika hata kwa kidole chenye jasho. Kuhusu majina ya watengenezaji, wengi hutafuta alama ya almasi iliyochomoza chini ya kioo cha Telefunken, au herufi B ya kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza. Mimi nakubali kwamba valvu hizo zilitengenezwa vizuri, ila bei yake siku hizi hulipia jina kuliko sauti, na RCA au Sylvania isiyo na sifa kubwa, iliyopimwa na kusikilizwa, imenifaa mara nyingi zaidi.

Mashine ya kupimia inaweza kuwa ya kiraia kama Hickok au ya kijeshi kama TV-7, na zote mbili, zikiwa zimetoka Marekani, zinahitaji transfoma ya kushusha volti kwa mtu anayeishi kwenye umeme wa volti 230 au 240. Pima kwanza shoti kati ya sehemu za ndani, huku ukiigonga valvu kwa ncha ya kidole, kwa sababu shoti nyingine hujitokeza valvu inapotikisika tu. Yenye shoti haipaswi kuendelea na kipimo kingine wala kuingia kwenye amplifaya. Baada ya hapo iache ipate moto kwa dakika chache, kisha usome nguvu yake, yaani kiasi ambacho badiliko dogo la volti kwenye gridi (wavu wa ndani unaoongoza mkondo) linabadilisha mkondo unaopita kwenye anodi (bati linaloupokea). 12AX7 ina nusu mbili zinazojitegemea, kwa hiyo soma kila nusu na uandike namba zote mbili. Fahamu pia kwamba namba ya TV-7 ni ya mizani yake yenyewe na hulinganishwa na kiwango cha chini kilicho kwenye jedwali lake. Muuzaji anayekwambia valvu yake imetoa 60 bila kutaja mashine aliyotumia amekupa nusu ya sentensi.

Usipokuwa na mashine, mita ya kawaida itakuonyesha kama uzi wa hita, ule unaoipasha valvu moto, umekatika: kwenye 12AX7 pima kati ya pini ya 4 na ya 5, na usomaji uwe mdogo. Mita haikuambii zaidi ya hapo.

Kazi iliyobaki hufanywa na amplifaya yenyewe. Valvu ndogo huchomolewa kwa nyuma bila kufungua chesisi, yaani sanduku la bati lenye saketi: zima, subiri zipoe, ondoa kava la bati, kisha ivute valvu wima huku ukiizungusha kwa miduara midogo, bila kuikunja upande. Tumia V2 kama kiti cha usaili. Weka kila 12AX7 hapo kwa zamu, fungua sauti nusu bila gitaa, na usikilize. Mvumo laini kama upepo ni wa kawaida. Mchakaricho usio na mpangilio si wa kawaida, ingawa valvu iliyolala miaka 50 inastahili saa kadhaa za moto kabla hujaihukumu. Kisha igonge kwa upande wa raba wa penseli. Utasikia tiki ndogo kwenye spika, na hilo si kosa, lakini ikilia kama kengele na mlio ukaendelea, valvu hiyo inatetema ndani na haifai mahali ambapo sauti hukuzwa mara nyingi baadaye.

Hapo ndipo upangaji unapoanza. Kelele yoyote ya V1 na V2 hukuzwa na hatua zote zinazofuata, kwa hiyo zilizo kimya kuliko zote zikae hapo, hata kama namba zake ni za wastani. V4 ije ya tatu, kwa kuwa sauti inayorudi kutoka kwenye springi ni dhaifu mno na hukuzwa sana. Niliwahi kuwa na 12AX7 iliyoshinda zote kwenye mashine, nikaipeleka V1 kwa fahari, na kwa siku mbili nikasikiliza maandazi yakikaangwa ndani ya spika. Niliihamishia V5, na iko hapo hadi leo: sauti ya gitaa haipiti kabisa ndani ya V5, wala kelele yake haisikiki, lakini kazi yake inataka nguvu, na valvu iliyochoka huko hufanya mtikisiko ukatae kuanza ukiuweka polepole. V6 hupokea wimbi ambalo tayari ni kubwa, kwa hiyo mvumo wake si tatizo. Huko tafuta 12AT7 ambayo nusu zake mbili zinakaribiana. V3 hupewa zaidi ya volti 400 kwenye anodi ilhali jedwali la 12AT7 linaruhusu 300 tu, nami siweki hapo valvu adimu ya aina yoyote.

Valvu za nguvu zinadai tahadhari nyingine, kwa sababu sasa chesisi inafunguliwa na kapasita zake, ambazo huhifadhi chaji, huua hata baada ya plagi kuchomolewa. Toa chaji kwa rezista ya kiloohmu 10 yenye wati 5 iliyoshikwa kwa klipu kati ya kapasita na chesisi, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Asiyezoea kazi hii ampelekee fundi. Chagua 6V6GT mbili zinazokaribiana, na kama haipo bado, funga rezista ya ohmu 1 kati ya pini ya 8 ya kila moja na chesisi, ili kila milivolti iwe sawa na miliampea moja. 6V6GT inaruhusiwa wati 12 kwenye anodi; lenga asilimia 70 yake bila gitaa kupigwa, yaani wati 8.4, na volti za anodi zikiwa 415 hiyo ni miliampea 20 hivi kwa kila valvu. Rekebisha bayasi (volti ya gridi inayoamua mkondo huo) ukiwa na mkono mmoja mfukoni, na spika ikiwa imeunganishwa. Mwanga wa buluu unaocheza juu ya kioo usikutishe. Wa zambarau au waridi uliojaa katikati ni dalili ya gesi, na anodi inayogeuka nyekundu kama kaa ina maana moja tu: zima papo hapo.

Kwa GZ34 sina mengi, isipokuwa usiweke 5U4 badala yake kwa sababu tu inaingia kwenye soketi, maana hita yake hula ampea 3 pale ambapo GZ34 hula 1.9, na si kila transfoma iliandaliwa kwa mzigo huo.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi nafasi ya kila valvu, namba zake, milivolti ulizozisoma na tarehe, uibandike ndani ya kabati. Valvu za akiba nazo ziandikie kwenye maboksi kazi zinazoziweza. Mimi nina boksi lenye valvu sita zenye kelele, lililoandikwa “V5 tu”.