Lenzi pana ya zamani mitaani Goma: kuichagua, kuifunga na kuisoma

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) yenye magunia ya makala, yaani makaa, haisubiri mtu atafute fokasi. Inateremka mbio, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anaichomekea, na autofokasi inang'ang'ania ukuta wa mawe meusi ulio nyuma. Lenzi pana ya miaka ya 1960 au 1970 ina dawa ya shida hii: mwilini mwake imechorwa skeli ya umbali, na chini ya skeli namba za f (za diafragma, tundu la mwanga) zinajirudia kushoto na kulia. Umbali ulio kati ya alama mbili za f unayotumia ndio utakaokuwa mkali. Anayejua kuisoma huwa amepanga fokasi kabla chukudu haijatokea. Rangi laini za kizamani, ambazo ndizo husifiwa zaidi, hata programu ya simu inaweza kuzighushi. Skeli haighushiki.

Anza na 28 mm (huo ni urefu wa fokasi: namba ikipungua, lenzi inaona pana zaidi). Super-Takumar f/3.5, Zuiko f/3.5, Nikkor au Minolta MD f/2.8, zote ni ndogo na zilitengenezwa kwa wingi. Mir-1 ya Kisovieti, 37 mm f/2.8, ile ambayo nakala nyingi zina maandishi "Grand Prix Brussels 1958" kwenye pete ya mbele, inapendeza mkononi, ila upana wake ni mdogo. Tazama kwanza sensa yako, yaani kipokea picha cha kamera: kwenye APS-C, iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu, zidisha milimita kwa 1.5 (Canon kwa 1.6). Hapo 28 mm inaona kama 42 mm, na Mir-1 kama 55 mm, yaani upana umekwisha. Mwenye sensa ndogo anahitaji 20 mm, na nyingi za zamani za namna hiyo ni ghali. Kusema kweli, ile zoom ya 18-55 iliyouzwa pamoja na kamera itamfaa zaidi.

Ukiishika lenzi, mulika tochi ya simu kupitia nyuma. Nyuzi zinazotambaa kutoka ukingoni ni kuvu. Utando mweupe ulioenea ni mvuke wa grisi. Vumbi kidogo ndani lisikutishe. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho: ikiyumba, skeli yake haiaminiki tena, na umekuja kununua skeli.

Halafu adapta, pete inayounganisha lenzi na kamera. Lenzi hizi ziliacha nafasi ya kioo cha kuakisi kilicho ndani ya kamera, kwa hiyo hukaa mbali na filamu, kila aina ya mfungo na umbali wake: M42 ya skrubu milimita 45.46, Nikon F 46.5, Minolta 43.5, Canon FD 42. Kamera isiyo na kioo kama Sony E (18 mm) ina nafasi ya kutosha kwa zote. Canon EOS yenye kioo (44 mm) inapokea M42 na Nikon, lakini FD na Minolta hazitafika infiniti (fokasi ya mbali kabisa, alama ya ∞). Nikon yenye kioo haifiki infiniti hata kwa M42 bila adapta yenye lenzi ya kusahihisha ndani, na hiyo hupunguza ukali wa picha. Kwa M42 chukua adapta yenye ukingo wa ndani unaosukuma kipini cha diafragma. Bila huo, lenzi isiyo na swichi ya A/M (otomatiki au kwa mkono) itabaki wazi kabisa hata ukiweka f/11. Kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi, na kama ina kituliza mtikisiko, kiandikie 28 mm kwa mkono.

Sasa kipimo ambacho wengi hukiruka. Adapta nyingi za bei nafuu ni fupi kidogo, ili lenzi isikose kufika infiniti. Kwa 50 mm kosa hilo halionekani sana. Kwa 28 mm, upungufu wa 0.1 mm unatosha kuharibu kila kitu: mlima unakuwa mkali skeli ikionyesha mita 8, na ukiweka mita 3, fokasi halisi iko karibu mita 5.

Pima asubuhi, volkeno ya Nyiragongo iliyo juu ya mji ikiwa imevua mawingu. Weka kamera kwenye tripodi, fungua diafragma yote, kuza picha kwenye skrini, zungusha polepole mpaka ukingo wa kreta uwe mkali, kisha soma skeli. Ikisimama kabla ya ∞, adapta ni fupi. Fungua skrubu za bamba lake, kata pete ya karatasi ya kawaida ya gramu 80 (unene wake karibu 0.1 mm), iweke chini ya bamba, kaza skrubu kwa kupishana, pima tena. Marekebisho madogo zaidi yafanye kwa foili ya jikoni, takriban 0.016 mm kwa tabaka. Karatasi hunywa unyevu, kwa hiyo ukishajua unene, kata pete ya kudumu ya plastiki. Mlima usipokuwa mkali hata kwenye ∞, jaribu lenzi nyingine: ikikosea vilevile, adapta ni ndefu, irudishe, isipokosea, lenzi ya kwanza ilifunguliwa na fundi na haikurudishwa sawasawa.

Skeli ikishasema kweli, kazi ni nyepesi. Kwenye sensa kubwa, yenye ukubwa wa fremu ya filamu, 28 mm kwa f/8 ikiwekwa mita 3.3 inashika kuanzia mita 1.65 hadi infiniti. 24 mm ikiwekwa mita 2.4, kuanzia 1.2. Hizo ni hesabu za filamu, na sensa za leo hufichua zaidi. Ukipiga f/8, soma alama za f/5.6. Kwa chukudu weka mita 2, f/8, shata 1/500 ya sekunde, ISO ijipange yenyewe. Kwa alama za f/5.6 umepata ukali wa mita 1.4 hadi 3.5, na kwa mita 2 fremu inafunika upana wa mita 2.5 hivi, chukudu inaenea na mwenyewe. Muombe ruhusa kabla, na vizuizi vya barabarani na wanajeshi viache nje ya fremu.

Shika kamera sawasawa. Ukiiinua kidogo tu, kuta zinaegemeana. Nyuso zisikae pembeni, zitavutika. Volkeno nayo itaonekana ndogo kuliko unavyoiona kwa macho, basi weka kitu kikubwa mbele. Mawe meusi chini ya anga jeupe ni mtihani: lenzi yenye koti moja tu la kuzuia mng'ao humwaga mwanga kivulini, weusi ukageuka kijivu. Hilo haliongezi maelezo yoyote, linapunguza ukali wa tofauti tu. Wengine wanalipenda. Usipolipenda, zuia anga kwa kiganja juu ya lenzi, nje ya fremu.

Majivu na vumbi la volkeno hukwaruza kioo. Usipanguse kamwe kabla ya kupuliza kwa pampu ya mpira. Kitambaa ni cha mwisho. Mfuko wa ngozi wa asili hutunza unyevu na kulisha kuvu, hasa katika mji wa Bukavu, kwa hiyo weka lenzi kwenye kopo la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na silika (punje zinazonyonya unyevu) na kipimo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Kipimo kikipanda juu ya 60, toa punje za silika kwenye kifuko, zikaushe kwenye sufuria kavu juu ya mbabula (jiko la makaa) yenye moto mdogo, ziache zipoe zikiwa zimefunikwa, ndipo uzirudishe.