Punda Anachechemea na Dawa Haishiki: Lini Uushuku Mfupa

Usaha umetoka kwenye kwato, sindano za antibiotiki zimekwisha, na punda bado anachechemea. Hapa Lamu hali hii huwapata hasa punda wa kubeba mawe na mchanga wa ujenzi, maana misumari imezagaa vichochoroni.

Hatua ya 1: Mtue mzigo, avutwe polepole kwa kamba iliyolegea juu ya sakafu ngumu. Mguu wa mbele ukiuma, atainua kichwa kila mguu huo unapokanyaga. Usingoje agome kula. Punda huficha maumivu.

Hatua ya 2: Osha kwato, kisha zilinganishe joto kwa kiganja. Weka vidole nyuma ya kifundo. Mshipa unaodunda kwa nguvu unaonyesha kuna uchungu ndani. Ukikuta msumari, upige picha kwa simu kabla ya kuung'oa, ili ijulikane ulielekea wapi. Uliochoma ile pembetatu laini katikati ya wayo ni wa dharura, kwani waweza kufika kwenye mfupa au kiungo. Siku hiyo hiyo uliza kinga ya pepopunda. Chuma cha moto na oili chafu, tafadhali, viwe mbali naye.

Hatua ya 3, ambayo wengi huiruka: tundu likitoa usaha wiki mbili au tatu, mwombe daktari wa mifugo auangalie mfupa. Eksirei ya siku za mwanzo huweza kuonekana safi kabisa, kwa sababu doa halijitokezi mpaka mfupa upoteze sehemu kubwa ya madini yake. Irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

Hatua ya 4: Sampuli itolewe kwenye mfupa wenyewe. Usaha wa juu umechanganyika na uchafu wa barabarani, utawadanganya. Maabara ioteshe bakteria na kuvu pia. Kwa kawaida ni bakteria. Kuvu kwenye mfupa ni nadra, lakini ikiwepo, antibiotiki haziigusi hata ukichoma sindano mwezi mzima. Na jina lake lijulikane: flukonazoli, dawa ya kuvu, hufaa kwa aina nyingi za kuvu iitwayo kandida, ila kuvu iitwayo aspergilasi haiisikii. Kuvu nyingine huchukua hadi wiki nne kuota, kwa hiyo vumilieni.

Ikithibitika kuwa ni kuvu, mfupa uliooza hukwanguliwa, kisha dawa ya kuvu kwa wiki nyingi. Ni ghali, na mwenye punda namweleza mapema ili tusiiache katikati.

Mpaka majibu yarudi, alale pakavu, bandeji ibadilishwe, na asibebe kitu, hata debe moja la maji.