Kabla Hujavua Magwanda: Saratani na Kumbukumbu za Kazi Yako

Askari anayekaribia kustaafu huhangaikia pensheni na mahali pa kuishi. Afya huwekwa kando, hasa kama mwili haujamsumbua. Mimi ningemtaka aanze nayo, maana saratani zitokanazo na kazi huchelewa kujitokeza. Ile ya utando wa mapafu, inayoletwa na asbesto, huweza kuchukua miaka 20 hadi 50 tangu mtu avute vumbi lake.

Usitulizwe na wastani wa saratani jeshini, wala usikutishe. Askari huchujwa kiafya siku ya kuandikishwa na hutibiwa kwa urahisi kuliko raia wengi, kwa hiyo takwimu zake huanza zikiwa nzuri. Huko Marekani, Wizara ya Ulinzi ilitoa mwaka 2023 utafiti uliofuatilia karibu watu 900,000 waliorusha ndege za kijeshi au kuzihudumia ardhini kati ya 1992 na 2017. Waliokuwa wakiruka walipata saratani kwa asilimia 24 zaidi ya raia wanaolingana nao. Melanoma, saratani ya ngozi, ilizidi kwa asilimia 87, na ya tezi ya thairoidi kwa 39. Kwa mafundi wa ardhini ongezeko la jumla lilikuwa asilimia 3 tu, lakini saratani za ubongo na mfumo wa neva zilizidi kwa 19. Vifo vya saratani, hata hivyo, havikuzidi vya raia. Huenda sehemu ya ongezeko hilo la saratani inatokana na kupimwa mara kwa mara, ingawa mimi nisingeegemea hapo nikaacha kuuliza. Jeshi ni moja, hatari ni nyingi. Kinachokuhusu ni kazi uliyoifanya.

Basi iandike ungali unaikumbuka: vituo na tarehe, mafuta ya ndege, viyeyusho vya kusafishia vipuri, rada, povu la kuzimia moto, moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Ongeza majina ya wenzako wanaoweza kushuhudia.

Kisha chukua nakala ya kila karatasi: cheti cha kuachishwa, amri za uhamisho, faili la hospitali. Usiliachie jeshi likutunzie. Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu la St. Louis, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya askari wa Marekani yakateketea. Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye sheria yenyewe ya Marekani ya fidia kwa askari wa zamani. Aliyekaa Camp Lejeune, kambi ya wanamaji wa Marekani huko North Carolina, siku 30 au zaidi kati ya Agosti 1953 na Desemba 1987, maji yalipokuwa yamechafuliwa, akapata saratani ya figo, hatakiwi kuthibitisha kwamba maji ndiyo yaliyomponza. Anatakiwa kuthibitisha kwamba alikuwepo. Sheria ya PACT ya 2022, inayohusu fidia na matibabu ya askari wa zamani wa Marekani, imefuata njia hiyo hiyo kwa waliovuta moshi wa mashimo ya taka. Familia nazo zilikunywa maji yale, kwa hiyo hifadhi pia karatasi za mwenzi wako na watoto.

Upimaji wa kuondoka usiukimbie ili uwahi nyumbani. Omba ngozi ikaguliwe mwili mzima, na majibu yote uyapate kwa maandishi.

Ukifika kwa daktari wa uraiani, usingoje akuulize. Mwambie ulikuwa jeshini, ukifanya nini na wapi, na umwombe aliandike hilo kwenye faili lako.