Jinsi ya Kufika Kwenye Vinyoya vya Kimataifa Ukitokea Nairobi

Ukitaka kucheza vinyoya (badminton) kimataifa, jifunze hesabu ya pointi mapema, hata kabla smashi yako, lile pigo kali la kutoka juu kwenda chini, haijakomaa. Nimefundisha vijana miaka mingi katika kumbi za Parklands, na nimewaona wenye mikono ya ajabu wakiishia kwenye mashindano ya taifa kwa sababu hakuna aliyewaeleza orodha ya ubora duniani inavyopangwa. Inaniuma kila mara. Kwa hiyo kijana anayenijia na ndoto hiyo, pamoja na mzazi wake, tunakaa kwanza mezani na kalenda.

Shirikisho la dunia, BWF, lenye makao yake Kuala Lumpur, hutoa orodha mpya kila Jumanne. Huangalia mashindano uliyocheza katika wiki 52 zilizopita, likachukua matokeo yako kumi bora na kuyajumlisha. Ukicheza manne, unajumlishiwa hayo manne tu. Mwenzako aliyecheza kumi na kutolewa mapema katika mengi anaweza kukuacha mbali ingawa ukumbini unamfunga. Lengo la mwaka wa kwanza basi ni kujaza zile nafasi kumi kadiri mfuko unavyoruhusu. Kumbuka pia kwamba pointi huisha: ulizopata Machi mwaka huu zitaondoka Machi ijayo, na usiporudi kuzitetea utashuka bila kupoteza mechi hata moja.

Ngazi za chini ambako sote tunaanzia ni tatu. Bingwa wa Future Series hupata pointi 1,700, wa International Series 2,500, na wa International Challenge 4,000. Juu yake kuna World Tour, mashindano makubwa ya BWF, kuanzia Super 100 hadi Super 1000, na bingwa wa Super 1000 huondoka na 12,000. Sasa tazama hapa kwa makini. Anayefika nusu fainali ya International Challenge hupata 2,800, zaidi ya bingwa wa International Series. Vijana wengi husikia hilo wakataka kukimbilia ngazi ya juu mara moja. Siwashauri hivyo. Mchezaji anayeshindwa raundi ya kwanza kila safari hajifunzi kumaliza mechi, na seti ya tatu ikiwa 18-18 huwezi kuifundisha mazoezini. Cheza ngazi ambayo utashinda angalau mechi mbili, halafu panda.

Bahati yetu ni kwamba Afrika ina mashindano yake. Uganda International huchezwa Kampala, safari ya basi la usiku mmoja kutoka hapa. Kuna pia ya Zambia, Botswana, Mauritius, Misri na Lagos. Mara nyingi mawili hupangwa wiki zinazofuatana, na hapo ndipo pesa huokolewa, kwa sababu nauli moja ya ndege inakupa matokeo mawili. Panga safari kwa jozi. Ukienda moja moja, utamaliza akiba ya familia kabla ya Agosti.

Lakini huwezi kujiandikisha mwenyewe. Shirikisho la taifa ndilo linalotuma jina lako, na BWF lazima iwe imekupa namba ya uanachama kwanza. Tarehe ya mwisho hupita wiki kadhaa kabla ya mashindano, kwa hiyo omba kwa maandishi, mapema, kisha fuatilia mpaka uone jina lako kwenye orodha ya waliokubaliwa. Ukijitoa baada ya muda uliowekwa, kuna faini. Omba barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji siku hiyo hiyo, maana ubalozi utaidai, na kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Mzazi, kazi hii ifanye wewe. Mtoto aachwe afanye mazoezi.

Nije kwenye jambo ambalo nalipenda kuliko yote na ambalo makocha wengi hulipuuza: hewa. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 na uzito wa kati ya gramu 4.74 na 5.50. Ni chepesi kiasi kwamba hewa ndiyo inayoamua kitafika wapi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi na kinyoya hukimbia. Kijana aliyekulia hapa huzoea kupiga kwa mkono uliozuiwa ili kisitoke nje. Mpeleke kwenye ukumbi wa baridi Ulaya, kinyoya anachokipiga kwenda nyuma kinaanguka katikati ya uwanja na mpinzani anakimalizia. Mpeleke Lagos, pwani kwenye joto, hali nyingine kabisa. Vinyoya huuzwa kwa namba za mwendo, namba ndogo ikiwa ya polepole zaidi, na sisi wa nyanda za juu hutumia 75 au 76, huku 77 ikizoeleka zaidi usawa wa bahari.

Kwa hiyo ukifika ukumbi wa ugenini, kipimo ni hiki: simama mstari wa nyuma kabisa, piga kinyoya kutokea chini kwa nguvu zako zote, kikiruka juu sambamba na mistari ya pembeni. Kwa mujibu wa kanuni kinapaswa kuanguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Rudia pande zote mbili, kwa sababu kiyoyozi husukuma upande mmoja. Dakika kumi za namna hii zina faida kuliko saa nzima ya kupasha misuli. Na nyumbani, wiki mbili kabla ya safari ya Ulaya, ninawapa wanafunzi wangu vinyoya vya mwendo wa polepole zaidi na kuwaambia wapige mpaka waache kuogopa mstari. Vya nailoni waachie wanaoanza. Haviruki sawa na vya manyoya.

Usidharau mchezo wa wawili wawili. Droo zake huku kwetu huwa ndogo, chumba cha hoteli mnagawana, na mlango wa Olimpiki unaweza kuwa hapo. Kanuni za kufuzu huzingatia pia uwakilishi wa mabara, kwa hiyo Afrika haisahauliki. Anuoluwapo Opeyori wa Nigeria alikwenda Tokyo kwa wawili wawili pamoja na Godwin Olofua, kisha akaenda Paris 2024 akicheza peke yake. Edwin Ekiring wa Uganda alicheza Beijing 2008 na London 2012. Na Kevin Cordón wa Guatemala, aliyeingia michezo ya Tokyo akiwa nje ya 50 bora, alifika nusu fainali na kumaliza wa nne. Alikuwa na miaka 34, Olimpiki yake ya nne.

Magoti yalinde. Carolina Marín, bingwa wa Rio 2016, aliumia goti vibaya mwaka 2019, tena 2021, na tena katika nusu fainali ya Paris alipokuwa akiongoza. Kuruka kamba, mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki na usingizi wa kutosha havina mbadala. Viatu viwe vya ukumbini, soli ya mpira isiyoteleza.

Dawa ya mafua ya dukani inaweza kuwa na kitu kilichopigwa marufuku. Muulize daktari anayejua michezo kabla ya kumeza. Na mtu akikupa pesa uachie seti, ripoti BWF siku hiyo hiyo, hata kama umekataa. Mwaka 2018 Zulfadli Zulkiffli wa Malaysia, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa vijana, alifungiwa miaka 20.

Pesa za zawadi katika ngazi za chini ni hafifu au hazipo. Wanaoendelea huishi kwa ufadhili, kwa kufundisha, au kwa kucheza ligi za klabu za Ujerumani, Ufaransa na Denmark. Fanya kozi ya ukocha ya BWF ya ngazi ya kwanza ungali unacheza, upate pa kufundishia Jumamosi asubuhi, na ada hizo ziweke kando kwa nauli ya Kampala.