Kupanga chakula cha shehia yako: anza na chungu, soko baadae

Asalaam aleykum. Vijana wengi wananiuliza mtu anaanzia wapi akitaka kupanga chakula cha mjini, na naona wengi wanakimbilia kuchora ramani ya soko jipya. Mie nasema soko liwe mwisho. Soko la Darajani hapa mjini Unguja, Zanzibar, lilijengwa 1904, mji ulikuwa mdogo, lakini sensa ya 2022 imekuta watu 893,169 mkoa wa Mjini Magharibi na wengi wao sasa wako Fuoni huko, Chukwani, Bububu, sasa mama wa Fuoni anaetaka tungule (nyanya) tatu saa kumi na moja jioni soko kubwa la mjini linamsaidia nini? Hivi ndo ninavyofanya, shehia moja moja, yaani mtaa mmoja mmoja chini ya sheha wake.

Hatua ya 1: hesabu midomo
Nenda kwa sheha, jitambulishe vizuri, muombe idadi ya nyumba. Afu ingia nyumba kama 30 uulize jana mlipika nini na kiasi gani. Usiulize kwa mwezi, watu watakukisia tu. Tuseme nyumba inapika kilo moja ya mchele kwa siku na shehia ina nyumba 1,000, hiyo tani nzima, yaani polo 20 za kilo 50 kila siku ya Mungu. Sasa jiulize zinaingia kwa gari gani na zinalala wapi.

Hatua ya 2: fuata chakula kinyumenyume
Hapa ndo penye kazi, usiharakishe. Chagua vitu vitano tu, mie huchukua mchele, unga wa ngano, tungule, ndizi na samaki. Muulize mwenye meza kanunua wapi, nenda huko, uliza tena, mpaka ufike kwa dalali, mpaka bandarini Malindi au shamba kwa mkulima mwenyewe. Amka alfajiri mana mnada haukusubiri. Mchele mwingi tunaokula unatoka nje ya nchi, na tungule, vitunguu na mbatata nyingi zinavuka bahari kutoka bara, kwahiyo upepo ukikaza boti zisivuke siku mbili tu meza zote za mtaani zinakwambia.

Kila mkono mzigo unapopita andika bei, na andika kilichooza, hili wengi wanalisahau. Chukua mfano wa tenga la tungule la kilo 40 lililonunuliwa mnadani shilingi 40,000, mchukuzi 1,000, gari 3,000, ushuru 1,000, jumla 45,000. Ingekuwa zimefika zote kilo moja ingesimama 1,125. Lakini zikipondeka kilo 10 zimebaki 30, kilo imefika 1,500 na muuzaji hajapata hata senti. Yaani kuoza kumeongeza 375 kwa kilo wakati mchukuzi, gari na ushuru vyote pamoja ni 125 tu! Ndo mana mie kabla ya jengo napigania kreti ngumu na kivuli pale mzigo unaposhushwa, inaniuma sana kuona tungule nzima zinamwagwa na mtaa wa pili watu wanapika mchuzi bila tungule.

Hatua ya 3: hesabu upya Ramadhani
Mwaka mmoja nilihesabu Rajabu nikadhani nimemaliza, mwezi ukaandama hesabu yote haifai. Watu wanahamia kwenye muhogo, majimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, nazi, na wote wananunua alasiri kwa pamoja. Tena Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na mihogo inafuata mvua, haifuati mwezi, kwahiyo namba za mwaka jana usizinakili.

Hatua ya 4: tembea
Saa kumi na moja jioni tembea kwa miguu kutoka nyumba ya mbali kabisa mpaka meza ya karibu. Dakika ngapi? Pana taa? Pana maji ya kuoshea samaki? Andika.

Hatua ya 5: rudisha karatasi
Kabla hujaipeleka ofisi yoyote wasomee wenye meza, wachukuzi na madalali. Watakusahihisha, na mara nyingi wao ndo wako sawa. Mie nakaa nao barazani baada ya laasiri, nasoma mstari kwa mstari, namba wanayoikataa wote naifuta nakwenda kuipima tena.